Mungu Hakumwambia Musa Ajikaze

Kuna sentensi inayosemwa makanisani mwetu kwa uhakika mkubwa hata wengi hudhani imeandikwa katika Biblia: kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Huambiwa mwinjilisti mwenye mitaa minne na baiskeli moja. Huambiwa katekista wa kigango kilicho mbali na parokia, ambaye Jumapili ameongoza ibada bila padri, Jumatatu amefundisha wakatekumeni, Jumanne yuko makaburini, na juma bado halijafika katikati. Huambiwa mke wa mchungaji, ambaye hakuna aliyemwajiri lakini kila mtu humpangia kazi. Wakisema wamelemewa hujibiwa kwa sentensi hiyo, na nyuma yake huja nyingine iliyo kali zaidi: mtumishi wa kweli hachoki, na akichoka basi maombi yake yamepungua. Afunge, akeshe, ampinge adui, arudi kazini. Hayo husemwa kwa nia njema, na wengi wanaoyasema ni watu wanaompenda Mungu. Lakini ni mafundisho mabaya. Yanawaumiza watumishi waaminifu kuliko wavivu, kwa kuwa mvivu hayasikilizi, na yanaliharibu jambo lile lile yanalodai kulitetea, yaani kumtegemea Mungu. Nashikilia kwamba anayemtegemea Mungu hutambulikana kwa uwezo wake wa kuutua mzigo na kuugawa, na kwamba mtu asiyeweza kuutua, hata akikesha kila Ijumaa, huenda amekuwa akijitegemea mwenyewe kwa muda mrefu.

Tuanze na andiko linalodhaniwa kuwa chimbuko la sentensi ile. Katika sura ya 10 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, Paulo anaandika habari za majaribu. Amekwisha kuwakumbusha wasomaji wake jinsi Waisraeli walivyoanguka jangwani kwa ibada ya sanamu, uzinzi na manung'uniko, kisha anawahakikishia kwamba hakuna jaribu litakalowapata ambalo Mungu hataliwekea mlango wa kutokea. Hapo hakuna neno juu ya wingi wa vikao, misiba na ujenzi. Anayetaka kujua mtume alisema nini kuhusu uzito wa huduma na afungue waraka wa pili kwa Wakorintho hao hao, sura ya kwanza kabisa. Pale Paulo anaeleza dhiki iliyompata yeye na wenzake katika Asia, na anakiri waziwazi kwamba walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Kupita nguvu zao! Mtu aliyepanda makanisa katika Galatia na Makedonia anasema alibebeshwa asichokiweza, wala haoni haya kulisema. Tena anataja sababu: wasijitumainie nafsi zao, bali wamtumainie Mungu afufuaye wafu. Kama kila mtumishi angepimiwa mzigo unaolingana na misuli yake, asingekuwa na haja ya kumtumainia Mungu, misuli ingetosha. Kwa hiyo sentensi yetu tuipendayo, ukiichunguza, inamrudisha mtu kwake mwenyewe. Inamwambia nguvu anazo, azitafute tu. Na Paulo haishii kwenye kukiri. Mara moja anawaambia Wakorintho kwamba na wao wanasaidia kwa maombi yao. Hao ni washirika wasumbufu, ambao baadhi yao walikuwa wakiutilia shaka hata utume wake, na bado anawafunulia kwamba alivunjika na kwamba anawahitaji.

Wengine watanikabili kwa Wafilipi, sura ya 4, mstari wa 13, ule unaoandikwa kwenye fulana za kwaya na nyuma ya daladala, ambapo Paulo anasema anayaweza mambo yote katika yeye amtiaye nguvu. Nawaomba wasome mstari uliotangulia na ule unaofuata. Uliotangulia unaonyesha kwamba mambo hayo yote ni kuishi katika shibe na katika njaa, katika kuwa na vingi na kupungukiwa. Unaofuata ni shukrani: Paulo anawaambia Wafilipi kwamba walifanya vema kushiriki naye dhiki yake. Yaani mtu yule yule aliyetoka kusema anayaweza yote, pumzi haijamtoka, anashukuru kwa msaada uliomfikia gerezani. Kwake yeye hapakuwa na mgongano wowote kati ya kutiwa nguvu na Kristo na kupokea mkono wa ndugu. Aliyeuleta msaada huo alikuwa Epafrodito, ambaye aliugua karibu na kufa kwa ajili ya kazi hiyo. Paulo alimfanyaje? Hakumwambia aongeze mfungo. Alimrudisha nyumbani Filipi, na akaliandikia kanisa limpokee kwa furaha na kuwaheshimu watu wa namna yake. Ni mara ngapi mtumishi aliyerudi nyumbani akiwa amechoka amepokewa kwa heshima katika sharika zetu? Tunachokijua zaidi ni minong'ono.

Lakini ushahidi ulio mzito kuliko wote uko katika sura ya 11 ya kitabu cha Hesabu, na nashangaa jinsi tunavyoupitia haraka. Waisraeli wanalia, kila mtu mlangoni pa hema yake, wakiwakumbuka samaki na matango ya Misri. Musa anamgeukia Mungu kwa maneno ambayo leo yangemfanya aitwe mbele ya kamati ya nidhamu. Anamwuliza Mungu kwa nini amemtenda mabaya. Anauliza kama yeye ndiye aliyewachukulia mimba watu hawa hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto. Anasema hawezi peke yake, kazi imemzidi, na kama mambo yataendelea hivyo ni heri auawe papo hapo. Haya si maneno ya mwongofu mpya. Ni ya mtu aliyeongea na Mungu katika kijiti kilichowaka moto na aliyekaa mlimani siku arobaini, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba tatizo lake lilikuwa uhaba wa maombi. Sasa tazama jibu. Mungu hamkemei. Hamwambii ajikaze. Wala hamwongezei nguvu ili abebe peke yake alichokuwa akibeba, jambo ambalo angeweza kulifanya kwa neno moja. Anamwamuru akusanye wazee sabini, kisha anatwaa sehemu ya Roho iliyo juu ya Musa na kuitia juu yao, ili wauchukue mzigo wa watu pamoja naye. Muujiza upo, tena mkubwa, lakini umewashukia watu wengine. Sisi tunaomba kila siku Mungu amtie mchungaji nguvu. Mungu alipoombwa na Musa aliwatia nguvu wazee.

Na kisa hakiishii hapo, kwa sababu kugawa kazi kuna gharama yake, na gharama hiyo ndiyo inayotufanya tuipende hadithi ya mtumishi asiyechoka. Wawili kati ya waliochaguliwa, Eldadi na Medadi, walibaki kambini, na huko huko wakaanza kutabiri bila kusimamiwa na mtu. Yoshua akamtaka Musa awazuie. Musa akamwuliza kama anaona wivu kwa ajili yake, akatamani watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Hapa ndipo penye jipu. Mara nyingi mtumishi anayelemewa hakukosa wasaidizi. Wapo, lakini wakihubiri vizuri kuliko yeye moyo humwuma, na wazee waliomzunguka, kama Yoshua, humsaidia kuwazuia. Aliyeiona huduma kuwa mali yake hawezi kuigawa, kwa kuwa kila sehemu atakayomwachia mwingine itakuwa imepungua kwake. Musa aliweza kuigawa kwa sababu alijua ni ya Mungu. Huko ndiko kumtegemea Mungu kwa vitendo, na ni kugumu kuliko mkesha.

Ushahidi wa namna hiyo haupo katika Biblia tu. Upo katika historia ya makanisa yetu wenyewe. Mwaka 1928 na 1929 njaa kali iliipiga Rwanda ya mashariki. Katika hospitali ya misheni ya Gahini alikuwapo daktari Mwingereza, Joe Church. Kazi ya hospitali, wenye njaa na kituo kizima vilimwelemea hata akaishiwa, mwili na roho. Septemba 1929 alikiacha kituo akaenda Namirembe, Kampala. Kwa mantiki ya wale ninaowapinga hiyo ilikuwa aibu: wagonjwa wako Gahini, daktari yuko Namirembe. Huko alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mlei aliyekuwa naye akitafuta maisha ya kiroho yaliyo ya kina zaidi. Kwa siku mbili walisoma Biblia na kuomba pamoja. Mkutano huo ndio wengi wanaouhesabu kuwa moja ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Rwanda na Uganda hadi Burundi, Kenya na Tanganyika, na ambao wimbo wake wa Tukutendereza bado unaimbwa katika mikutano mpaka leo. Nduguye Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kuwa mwalimu. Yosiya Kinuka, msaidizi wa hospitali ile, akawa mmoja wa nguzo za Uamsho. Kituo ambacho Mzungu mmoja alikuwa akijaribu kukibeba kikapata mabega mengi.

Najua nitaambiwa kwamba kisa hiki kinanipinga, kwa sababu Church alipona kwa maombi. Nakubali kabisa kwamba maombi ndiyo yaliyokuwa kiini. Sijaandika neno hata moja dhidi ya maombi. Ninachouliza ni maombi gani. Hayakuwa maombi ya mtu aliyejifungia kituoni akidai nguvu za kuendelea kama jana. Alikuwa amekubali kwamba ameishiwa, ameiacha kazi mikononi mwa Mungu kwa muda, na amekaa na ndugu Mwafrika kama mhitaji, katika zama ambazo mmisionari alitarajiwa kuwa mtoaji tu. Angebaki Gahini akijikaza, asingekutana na Nsibambi Namirembe. Tena Uamsho wenyewe, uliposhika, ulijengwa juu ya desturi mbili zinazokataa habari ya mtumishi asiyechoka: watu kuungama wazi mbele ya wenzao hali halisi ya mioyo yao, na kutoka kuhubiri wakiwa timu. Waliosimama mbele ya umati walikuwa na wenzao waliowajua kwa undani na walioruhusiwa kuwauliza.

Hili linanifikisha kwenye pingamizi ninalolisikia mara nyingi, kwamba habari hizi za uchovu wa watumishi ni deko la Kizungu, kwamba wazee wetu walitembea kwa miguu maili nyingi wakihubiri na hawakulalamika. Naheshimu miguu ya wazee wale. Lakini tujiulize sura ya mtu mmoja anayefanya yote imetoka wapi. Katika kituo cha misheni cha zamani mtu mmoja aliweza kuwa mhubiri, tabibu, mjenzi, mwalimu mkuu, mweka hazina na mwamuzi wa ugomvi, kwa sababu alikuja peke yake au na wachache, na kwa sababu hakuwaamini haraka wenyeji wake. Vituo vile vilipopata wachungaji Waafrika, tuliwarithisha kiti kile kile pamoja na majukumu yake yote. Desturi yetu ya asili ni nyingine. Nyumba ilijengwa kwa ujima, shamba lililimwa kwa msaragambo, na msiba ulibebwa na ukoo na majirani. Historia inaonyesha pia kwamba imani ilistawi hata pale kiti kile kilipokuwa kitupu. Mapadri wa White Fathers waliondoka Buganda mwaka 1882 kwa sababu ya hatari na hila za ikulu, wakakaa kusini mwa ziwa. Waliporudi mwaka 1885, akiwamo Padri Lourdel ambaye Waganda walimwita Mapera, walikuta waamini hawakutawanyika. Walikuwa wamefundishana, na idadi yao ilikuwa imeongezeka, wakiongozwa na walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe. Mwaka uliofuata ni Wakristo wa aina hiyo waliokwenda motoni Namugongo. Na mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa kanda hii, katika umoja wao wa AMECEA, walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji, walikuwa wanarudi kwenye njia iliyokwisha kujulikana hapa: waamini wa mtaa mmoja wabebane. Kinachosikitisha ni pale jumuiya hizo nazo zinapogeuzwa kuwa mzigo mwingine wa katekista yule yule.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwa sababu linatoka kinywani mwa Bwana. Mavuno ni mengi, watenda kazi ni wachache. Basi hao wachache wapumzikeje? Ajabu ni kwamba tunaikata sentensi katikati. Baada ya kusema watenda kazi ni wachache, Yesu hakuwaagiza wachache hao wafanye kazi maradufu. Aliwaagiza wamwombe Bwana wa mavuno apeleke wengine. Uhaba wa watu ulikuwa sababu ya kuomba watu. Na sheria ya Israeli ilikuwa imeliona jambo hili mapema: katika Kutoka sura ya 34 pumziko la siku ya saba linaamriwa hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna, majira ambayo mkulima yeyote angekuwa na udhuru unaokubalika. Mkulima aliyelala siku ile huku nafaka imesimama shambani na mawingu yametanda alikuwa akikiri imani yake kwa mwili mzima. Alikuwa akisema mvua ni ya Mungu na mavuno ni ya Mungu. Nani kati ya hao wawili alimtegemea Bwana: aliyelala, au yule aliyevuna usiku kucha kwa hofu huku akiimba zaburi?

Pingamizi la tatu ni msalaba. Yesu alituita tujikane nafsi, na Yeye mwenyewe hakujihurumia. Alipowaita wanafunzi wapumzike kidogo mahali pasipo na watu, kwa kuwa hawakupata nafasi hata ya kula, umati uliwafuata, na Yeye akawahurumia akawafundisha. Ni kweli. Lakini Marko anaendelea kueleza kwamba baada ya kuwalisha aliwalazimisha wanafunzi waingie chomboni, akauaga umati Yeye mwenyewe, akapanda mlimani kuomba. Na mapema zaidi, huko Kapernaumu, baada ya jioni ya kuponya wengi, aliondoka alfajiri kwenda kuomba. Wanafunzi walipomfuata wakimwambia watu wote wanamtafuta, aliwajibu waende vijiji vingine. Alikataa maombi ya mji mzima. Walikuwapo wagonjwa pale waliokuwa na haja ya kweli, na Mwana wa Mungu akaondoka, kwa sababu haja ya watu haikuwa ndiyo iliyompangia kazi. Baba ndiye aliyempangia. Msalaba ni ule anaokupa Kristo. Uenyekiti wa kamati ya tatu ya ujenzi, uliokubali kwa sababu uliona haya kusema hapana, hauwi msalaba kwa kuitwa hivyo. Mashahidi wa Namugongo walikufa kwa kukataa kumkana Bwana wao. Tusiyatumie majivu yao kuhalalisha ratiba mbovu.

Niseme pia neno kwa walio upande wa pili, wanaodhani tiba yote ni likizo na mpangilio mzuri wa kazi. Mtumishi anaweza kupewa mwezi mzima wa kupumzika akarudi na moyo mkavu ule ule. Eliya, alipoomba kufa chini ya mretemu, kwanza alilala, akaamshwa na malaika akala, akalala tena, akala tena, na malaika mwenyewe akamwambia safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Sehemu hiyo ya mwili Mungu aliishughulikia mwanzo, bila mahubiri. Lakini baadaye Eliya alitembea siku arobaini hadi Horebu, na huko ndiko uongo uliokuwa ukimla ulipojibiwa. Alidhani amebaki peke yake. Akaambiwa wako elfu saba wasiompigia Baali magoti, akapewa na Elisha wa kumrithi. Usingizi ulimrudishia miguu. Kilichomrudisha kazini ni kusikia kwa Mungu kwamba kazi haikuwa imemwangukia yeye mmoja.

Ndiyo maana nawageukia wazee wa kanisa, mabaraza ya parokia na halmashauri za sharika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ninyi ndio mnaouona mwepesi. Acheni kumwambia mtumishi wenu kwamba Mungu hampi mtu asichokiweza, kwa maana mengi anayobeba hakupewa na Mungu; mmempa ninyi. Katika kikao chenu kijacho mwulizeni kazi zote anazozifanya, zisomwe moja moja, na kikao kisifungwe kabla ya kuandika kwa kila kazi anayopunguziwa jina la yule atakayeichukua, kisha mwombeeni huyo mpya kwa kumwekea mikono kama mitume walivyowafanyia wale saba waliochaguliwa kuhudumia wajane Yerusalemu. Nawe uliyelemewa, sema. Mwambie Mungu kama Musa alivyomwambia, bila kupamba maneno, kisha waambie ndugu zako. Na wakikujibu kwamba umepungukiwa na imani, wafungulie Hesabu sura ya 11, uwasomee kwa sauti mpaka mwisho.